Jaribio Lipi la Takwimu Litumike? Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Tasnifu

Karibu na kila chuo kikuu kuna mtu anayejipatia riziki kwa kuchambua data za wengine. Mwanafunzi anampelekea mfuko wa madodoso, analipa, na baada ya siku chache anapewa majedwali yaliyojaa nyota na thamani za p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu; nyota huwekwa penye p ndogo). Siku ya kutetea tasnifu, mtahini anauliza: "Kwa nini ulitumia jaribio hili na si lile?" Hapo jasho linaanza kutoka.

Mwongozo huu unakusudia kukuwezesha kujibu swali hilo mwenyewe. Hisabati yake haizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu uko kwingine: programu ya kompyuta hukokotoa chochote utakachoiamuru, hata wastani wa jinsia, wala haikuonyi. Jaribio huchaguliwa kwa kuangalia swali lako na namna ulivyokusanya data, na yote mawili unayajua kabla hujagawa dodoso la kwanza. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo zifanye ukiwa bado unaandika pendekezo la utafiti.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Athari za simu katika huduma za afya" ni mada tu. Swali ni kama hili: "Je, wagonjwa wanaokumbushwa kwa SMS hurudi kliniki siku waliyopangiwa zaidi kuliko wasiokumbushwa?" Ndani yake mna vitu viwili vinavyopimika: kukumbushwa au kutokumbushwa, na kurudi au kutorudi. Kama huwezi kuvinyooshea kidole vitu vyako viwili, bado hujafika mahali pa kuzungumzia majaribio.

Maswali mengi ya tasnifu huangukia katika aina tatu. Kuna la tofauti (je, kundi hili limelizidi lile?), la uhusiano (je, hiki kikipanda, kile nacho hupanda au hushuka?), na la utabiri (nikijua umri, elimu na kipato, naweza kukisia nini?). Andika pembeni ya kila lengo mahususi ni la aina gani. Lengo lenye aina mbili ndani yake ligawe.

Hatua ya 2: Tambua aina ya data

Data za majina hazina mkubwa wala mdogo: mkoa, jinsia, aina ya zao, ndiyo au hapana. Data za ngazi zina mpangilio, ila umbali kati ya ngazi na ngazi haujulikani: elimu ya msingi, sekondari, chuo. Data za namba zina mpangilio na umbali pia: umri, uzito, kilo za mahindi kwa ekari, alama za mtihani.

Mtego ni kwamba ndani ya kompyuta zote zinaonekana namba. Ukiandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, programu itakupa wastani wa 1.6 bila kusita, nawe utauweka kwenye jedwali. Mikoa uliyoipa namba 1 hadi 26 haiwi data za namba kwa sababu hiyo.

Majibu ya "nakubaliana kabisa" hadi "sikubaliani kabisa", ambayo Rensis Likert aliyaanzisha mwaka 1932, yamezua ubishi wa miongo mingi. Msimamo wangu ni huu: swali moja peke yake lichukulie kuwa data za ngazi. Ukijumlisha maswali manane au kumi yanayopima jambo moja, jumla hiyo unaweza kuichukulia kama namba, na wanasaikolojia wengi hufanya hivyo. Lakini ukijumlisha, una deni la kuonyesha kwamba maswali hayo kweli yanakwenda pamoja. Kipimo kinachotumika zaidi ni alfa ya Cronbach, iliyochapishwa mwaka 1951, na wengi hutaka ifikie angalau 0.70. Kabla ya kuikokotoa, geuza alama za maswali yaliyoulizwa kwa kukanusha. Swali la "sina hamu ya kazi" likikaa pamoja na "naipenda kazi yangu" bila kugeuzwa, alfa itaporomoka, na unaweza kulaumu dodoso lisilo na kosa.

Kama unatumia kipimo cha kisaikolojia kilichotungwa ng'ambo, usikitafsiri usiku mmoja ukakigawa kesho yake. PHQ-9, kwa mfano, ina maswali 9 ya dalili za sonona, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27, na alama 10 hutumika sana kama mpaka wa kumtaka mtu achunguzwe zaidi. Tafsiri zake za Kiswahili zimeshafanyiwa utafiti Kenya na Tanzania. Tafuta iliyopimwa tayari badala ya kutunga yako. Ikibidi kutafsiri, mtu mmoja apeleke Kiswahili, mwingine asiyeona maandishi ya awali arudishe kwenye lugha ya mwanzo, halafu mlinganishe.

Malizia hatua hii kwa maswali mawili: una makundi mangapi? Na je, ni watu walewale waliopimwa mara mbili, au ni watu tofauti? Swali hili la pili ndilo wanafunzi husahau zaidi.

Hatua ya 3: Chagua jaribio

Ukilinganisha majina kwa majina, kama mfano wetu wa SMS, tumia kai-skwea ya Karl Pearson ya mwaka 1900. Idadi ikiwa ndogo sana, tumia jaribio kamili la Fisher. Kama ni watu walewale kabla na baada (walivuta sigara kabla ya semina, wanavuta sasa?), kai-skwea ya kawaida haifai. Hapo nenda kwenye jaribio la McNemar.

Ukilinganisha namba kati ya makundi mawili ya watu tofauti, tumia jaribio la t la makundi huru. Kwa watu walewale kabla na baada, tumia jaribio la t la jozi. Jaribio hili lilitungwa na William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akalichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student" kwa sababu mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Alikuwa akihangaika na sampuli chache mno za shayiri na bia. Ndiyo maana nashangaa ninaposikia wanafunzi wakiambiwa jaribio la t halifai mpaka uwe na watu 30. Lilizaliwa kwa ajili ya sampuli ndogo; kinachodaiwa ni masharti tutakayoyaona hatua ya 6.

Makundi yakiwa matatu au zaidi, tumia ANOVA (uchambuzi wa mtawanyiko), ambayo Ronald Fisher aliikuza katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Usifanye majaribio ya t mawili mawili mpaka umalize makundi yote. Sababu iko hatua ya 8. ANOVA itakuambia tu kwamba kuna tofauti mahali fulani. Kujua iko kati ya nani na nani, fuatisha jaribio la Tukey.

Data zikiwa za ngazi, au za namba zilizoelemea upande mmoja vibaya, kila jaribio la namba hapo juu lina ndugu yake anayetumia nafasi (wa kwanza, wa pili, wa tatu) badala ya namba zenyewe. Badala ya t ya makundi huru kuna Mann-Whitney, badala ya t ya jozi kuna Wilcoxon, na badala ya ANOVA kuna Kruskal-Wallis.

Kwa uhusiano wa namba kwa namba, tumia korelesheni ya Pearson (si ile kai-skwea yake). Kwa ngazi, au uhusiano unaopanda bila kunyooka, tumia korelesheni ya Spearman. Kwa utabiri, tumia rigresheni (kanuni ya kukisia kitu kimoja kutokana na vingine): ya kawaida kama unachotabiri ni namba, na rigresheni ya lojistiki kama ni ndiyo au hapana.

Hayo yanatosha kwa tasnifu nyingi za shahada ya kwanza na ya pili. Usikimbilie jaribio lenye jina refu ili kumvutia mtahini.

Hatua ya 4: Kadiria idadi ya watu kabla ya kwenda uwandani

Idadi inategemea ukubwa wa tofauti unayotaka kuigundua. Tuseme unalinganisha alama za makundi mawili kwa jaribio la t, na mkengeuko sanifu wa alama (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni 10. Unataka nguvu ya asilimia 80, yaani kama tofauti ipo kweli, uwe na nafasi 80 katika 100 za kuiona, kwa kiwango cha 0.05 (yaani p iliyo chini ya 0.05 ndiyo utakayoihesabu kuwa ishara ya tofauti). Kugundua tofauti ya alama 8, watu 26 kwa kila kundi wanatosha. Kwa alama 5, unahitaji 64 kila kundi. Kwa alama 2, unahitaji karibu 400 kila kundi. Programu ya G*Power ni ya bure na itakufanyia hesabu hii. Matokeo yake yaweke kwenye sura ya mbinu, na ongeza watu wa akiba, maana madodoso hayarudi yote.

Hatua ya 5: Safisha data

Kazi hii inachosha, na ndiyo inayookoa tasnifu. Panga kila safu kuanzia namba ndogo hadi kubwa, uangalie vichwa na mikia. Mtu wa miaka 222 utamwona mara moja. Adui mjanja ni namba 99. Wengi huiandika pale mhojiwa asipojibu, kisha wanasahau kuiambia programu kwamba hiyo ni alama ya "hakujibu". Katika vijana 50 wa miaka 20, watano tu wenye 99 hupandisha wastani wa umri hadi karibu 28. Afadhali uache seli wazi.

Weka faili la data ghafi usiloligusa, na lingine la kufanyia kazi. Kila badiliko liandike kwa tarehe na sababu, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya 6: Kagua masharti

Kila jaribio lina masharti, na yana uzito tofauti.

Lenye uzito mkubwa kuliko yote ni kutotegemeana: jibu la mtu mmoja lisiwe linamvuta mwenzake. Tuseme shule moja imefundishwa kwa mbinu mpya, nyingine kwa ya zamani, wanafunzi 40 kila upande. Unadhani una watu 80. Kwa hakika una shule mbili. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile na chakula kilekile cha mchana, na tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya walimu. Hakuna kitufe cha kompyuta kinachorekebisha hilo baadaye. Dawa yake ni kuwa na shule nyingi kila upande, au kuwagawa wanafunzi kwa kura ndani ya shule moja.

La pili ni mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele. Chora histogramu (mchoro wa nguzo) ya kila kundi uitazame kwa macho. Kwa jaribio la jozi, kinachopaswa kuwa na umbo hilo ni tofauti kati ya kabla na baada, kwa hiyo chora hizo tofauti. Jaribio la Shapiro-Wilk la mwaka 1965 hutumika sana, ila lisikutishe: sampuli ikiwa kubwa hulalamikia kasoro ndogo zisizo na madhara, na ikiwa ndogo huweza kunyamazia kasoro kubwa. Kipato, gharama za matibabu na muda wa kusubiri hospitalini karibu kila mara huelemea upande mmoja. Kwa hizo taja mediani (namba ya katikati ukizipanga).

La tatu ni ulingano wa mtawanyiko kati ya makundi. Kwa jaribio la t chagua tu toleo la Welch, ambalo halidai ulingano huo. Katika jedwali la SPSS (programu ya takwimu ya kulipia) ni mstari wa chini, ule unaosema kwamba mitawanyiko haikuchukuliwa kuwa sawa.

Hatua ya 7: Fanya moja kwa mkono

Kai-skwea ndiyo rahisi kuliko yote, na ukiifanya kwa kalamu mara moja hutaiogopa tena. Turudi kwenye SMS kwa namba za kubuni. Wagonjwa 100 walikumbushwa: 72 walirudi, 28 hawakurudi. Wengine 100 hawakukumbushwa: 56 walirudi, 44 hawakurudi.

Kwanza jumlisha. Waliorudi ni 128 kati ya 200, wasiorudi ni 72.

Pili, jiulize: kama SMS haina kazi yoyote, ungetarajia nini? Kila kundi lingerudi kwa kiwango kilekile cha 128 kwa 200, yaani 64 kwa kila 100. Kwa hiyo idadi inayotarajiwa ni 64 waliorudi na 36 wasiorudi, kila upande. Kwa jedwali lolote kanuni ni hii: jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu.

Tatu, kwa kila seli toa iliyotarajiwa kwenye iliyoonekana, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawanya kwa iliyotarajiwa. Hapa tofauti ni 8 katika kila seli, na 8 mara 8 ni 64. Seli mbili za waliorudi: 64 gawanya kwa 64 ni 1 kila moja. Seli mbili za wasiorudi: 64 gawanya kwa 36 ni 1.78 kila moja.

Nne, jumlisha: 1 + 1 + 1.78 + 1.78 = 5.56. Hiyo ndiyo kai-skwea.

Tano, tafuta digrii za uhuru: mistari kasoro moja, mara safu kasoro moja. Hapa ni 1. Jedwali la nyuma ya kitabu cha takwimu linasema mpaka wa 0.05 kwa digrii 1 ni 3.84, na mpaka wa 0.01 ni 6.63. Namba yetu imevuka wa kwanza, haijafika wa pili. Kompyuta itakupa p ya takriban 0.018.

Ukiifanya kwa SPSS utaona pia mstari wa marekebisho ya Yates (yanayopunguza kai-skwea kidogo kwa tahadhari), ambao hapa unatoa 4.88 na p karibu 0.027, na mstari wa Fisher. Kosa la wengi ni kuchagua mstari wenye p ndogo. Kama kila seli inatarajiwa kuwa na 5 au zaidi, kama hapa ambapo ndogo kabisa ni 36, soma mstari wa kai-skwea ya Pearson. Zikipungua hapo, soma wa Fisher. Uamuzi huo uwe umeuandika kwenye sura ya mbinu. Na angalia vizuri: sharti la 5 ni la idadi inayotarajiwa, si iliyoonekana.

Hatua ya 8: Soma p bila kuidanganya

Thamani ya 0.018 inasema hivi: kama kwa kweli SMS haisaidii, tofauti kubwa kama hii au kuizidi ingetokea kwa bahati chini ya mara 2 katika 100. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 98 kuwa SMS inasaidia. Haisemi tofauti ni kubwa, wala kwamba ina faida.

Fisher alilieleza wazo hili kwa kisa cha mwanamke aliyedai kutambua kwa kuonja iwapo kilichotangulia kikombeni ni maziwa au chai. (Kwetu, ambako chai ya maziwa huchemshwa pamoja, ubishi wenyewe usingezuka.) Anaandaliwa vikombe 8, vinne vya kila aina, bila mpangilio, naye achague vile vinne vya maziwa kwanza. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70. Akipatia vyote kwa kubahatisha, ni 1 kwa 70, takriban 0.014. Akikosea kimoja tu kati ya vinne, uwezekano wa kufika hapo au kupita kwa kubahatisha ni 17 kwa 70, karibu 0.24, na dai lake halina nguvu tena. Angalia jinsi sampuli ndogo isivyosamehe.

Sasa ile sababu ya kutofanya majaribio mengi mengi. Ukifanya majaribio 20 mahali ambapo hakuna lolote, kwa kiwango cha 0.05 kila moja, uwezekano wa angalau moja kukupa nyota ni asilimia 64. Mchambuzi aliyekulinganishia kila swali la dodoso na kila sifa ya mhojiwa amefanya hivyo hasa, halafu akakuletea zilizotoka na nyota. Marekebisho ya Bonferroni ni mepesi: gawanya 0.05 kwa idadi ya majaribio. Kwa 20, mpaka unakuwa 0.0025.

Na p ya 0.18? Hiyo haithibitishi kwamba hakuna tofauti. Andika kwamba data zako hazikutosha kuionyesha, basi. Kubadilisha jaribio, kuondoa wahojiwa "wasumbufu" au kuongeza watu kumi kumi hadi p ishuke ni udanganyifu, hata kama aliyekushauri ni mtu mwenye vyeti.

Hatua ya 9: Andika matokeo

Weka ukubwa wa tofauti mbele, p nyuma. Kwa mfano wetu: "Kati ya wagonjwa waliokumbushwa, asilimia 72 walirudi, ikilinganishwa na asilimia 56 ya wasiokumbushwa, tofauti ni pointi 16 za asilimia (masafa ya kuaminika ya asilimia 95: 2.9 hadi 29.1), kai-skwea (1) = 5.56, p = 0.018." Masafa hayo, yaani mipaka ambamo tofauti ya kweli huenda imo, yanampa msomaji habari nyingi kuliko p: faida huenda ikawa pointi 3 tu, au ikakaribia 30. Mganga mkuu anayefikiria kulipia SMS hizo anahitaji kulijua hilo.

Andika p yenyewe, usiandike "p < 0.05" pekee. Kompyuta ikikuonyesha 0.000, andika "p < 0.001", kwa kuwa sifuri hiyo ni ya kukadiria desimali tu.

Kama leseni ya SPSS imekushinda, programu za jamovi na JASP ni za bure, na ukishazipakua hazihitaji intaneti kufanya uchambuzi. Kwenye viambatisho weka dodoso, maana ya kila namba uliyotumia badala ya maneno, na orodha ya majaribio yote uliyofanya, pamoja na yale yaliyotoka bila nyota.